Mpiga Ridhimu Hunawa wa Kwanza

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana wengi wa waliokuwapo wangali wakitafuna mpaka leo, watu walikusanyika siku ya Jumamosi barazani kwa daktari wa meno, mtaa wa Kilakala, mjini Morogoro.

Alikuwapo Daktari Fulgensi Mbena, mwenye nyumba. Magitaa yake yalitundikwa ukutani kuanzia sebuleni hadi kwenye korido ya choo, kama vichwa vya nyati kwa mwindaji wa kizungu.

Alikuwapo Injinia Yasini Lukinga, mtu wa barabara. Yeye alikuwa na gitaa moja tu, na alipenda watu wajue kwamba ni moja tu. Lakini miguuni pake vilitapakaa visanduku vya kukanyaga vya kugeuza sauti. Hiki huifanya sauti ilie kama pangoni, kile kama redio iliyotumbukia kisimani.

Alikuwapo Wakili Edeltruda Mgaya, mjane. Yeye hakununua magitaa wala visanduku, alinunua masomo. Alikuwa na mwalimu wa Kihonda, mwalimu wa kwenye simu, na mwalimu mwingine wa kumsahihisha wa kwenye simu. Alijua mwanzo wa kila wimbo uliopata kupigwa mjini, na hakujua mwisho wa hata mmoja.

Alikuwapo Bi. Skolastika, mke wa daktari, ambaye hakupiga gitaa na hakuomba radhi kwa hilo.

Na alikuwapo Mzee Apolinari Kunambi. Jina ni Apolinari. Waliomwita Apolo hakuwaitikia. Ujanani alipiga gitaa katika bendi ya Bondwa Jazz. Alikuwa amekwenda kung'olewa jino, akaona gitaa ukutani kwa daktari, na kabla ganzi haijamtoka mdomoni akasema jambo ambalo Fulgensi alilielewa kuwa ni maombi ya kukaribishwa. Akakaribishwa.

Basi siku ile walikaa. Fulgensi alieleza tofauti ya nyuzi za shaba na nyuzi za nikeli. Yasini akapinga. Edeltruda akapiga mwanzo wa wimbo, akaacha, akapiga mwanzo wa mwingine. Yasini akainama kuzungusha kitufe cha kisanduku. Chai ikaja, ikanywewa. Maandazi yakaja, yakaisha. Nyuzi zikajadiliwa tena.

Mzee Apolinari akapangusa mdomo.

"Wanangu," akasema, "nyinyi mna magitaa mengi kuliko nyimbo."

"Babu, tunatafuta sauti," Yasini akajitetea.

"Inafichwa na nani?"

Skolastika akacheka hadi akashika mlango.

"Sisi Bondwa Jazz," Mzee akaendelea, "uzi ukikatika tulifunga waya wa breki ya baiskeli. Baiskeli ilikuwa ya mpiga besi. Alikuwa akirudi nyumbani kwa kuburuta miguu, na wimbo ulipigwa. Nyinyi mmedekezwa. Mtu mwenye mboga kumi hulala njaa akichagua."

"Babu naye!" akasema Fulgensi. "Kama mngepata nafasi ya kuchagua, msingechagua?"

"Tungechagua, tena tungegombana. Lakini hatukupata, tukapiga."

Kisha akafunua gunia alilokuja nalo. Ndani mlikuwa na gitaa jeusi, limekwaruzwa tumboni, nyuzi zimekaa juu ya ubao kama waya za umeme juu ya barabara. Akalilaza magotini.

"Huyu anaitwa Koleta, kwa jina la marehemu mke wangu. Nilimtungia wimbo, 'Koleta Umechelewa'. Bendi ilipokwenda kuurekodi Dar es Salaam, gari likafia njiani, Mikese, tukarudi kwa miguu. Haukurekodiwa. Tangu bendi ife haujapigwa. Mwanangu aliye Mbeya anasema niliuze gitaa. Daktari wa mapafu naye anasema mengine. Basi, nataka niusikie wimbo wangu tangu mwanzo mpaka mwisho kabla sijaondoka. Atakayenifanya niusikie, Koleta ni wake."

Mioyo yote ya barazani ikaliendea gitaa lile bovu, kama kwamba yale ya ukutani yamegeuka mbao za kuni.

Aliyelitaka zaidi ni Edeltruda. Maisha yake yalikuwa yamejaa mambo aliyoyaanza: Kifaransa, bwawa la samaki, cherehani, kitabu kuhusu mirathi. Mumewe, Mungu amrehemu, alizoea kumtania, "Ede, wewe ungeumba dunia ingekuwa na Jumatatu tu." Alitaka mara moja, mara moja tu, apewe kitu kwa sababu ya kumaliza.

Mzee akauimba wimbo kwa mdomo, sehemu ya gitaa la solo, ile inayoruka juu kama ndege kinega. Wote watatu wakaudaka kwa simu zao. Wakaagana wakutane Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.

Fulgensi akaenda kufanya nini? Alisema wimbo wa zamani unataka gitaa la zamani. Akaagiza ng'ambo gitaa lililotengenezwa enzi zile, laini, nyuzi zake zimelala karibu kabisa na ubao. Likakwama bandarini, akalifuata. Likatoka, akalipangusa. Je, wimbo alijifunza? Alijifunza katikati, maana ndipo penye utamu. Mwanzo ulimshinda.

Yasini akaenda kufanya nini? Alisema wimbo wa zamani unataka mngurumo wa ukumbi wa zamani. Akanunua kisanduku cha tatu cha pangoni, akanunua na kisanduku cha kudaka, kile ambacho ukikikanyaga hushika ulichopiga na kukirudia bila kuchoka. Je, wimbo alijifunza? Alijifunza kidogo, huku ameinama.

Edeltruda akaenda kufanya nini? Aliupeleka wimbo kwa mwalimu wa kwanza, akaujua mwanzo wake. Akaupeleka kwa wa pili, naye akamwambia aanze upya. Wa tatu vilevile. Mwanzo ule akaujua kama njia ya kwenda chooni gizani. Kila alipofika kwenye ubeti, alikumbuka kwamba mwanzo ungeweza kuwa bora zaidi.

Jumamosi ikafika. Mzee Apolinari alikuja akiwa amekonda, kikohozi kikimtangulia mlangoni. Skolastika alikuwa amepika pilau. Akaja na birika na beseni ili watu wanawe.

"Bado," Mzee akasema. "Bondwa Jazz tulikuwa na desturi. Chakula kikija, mpiga ridhimu hunawa wa kwanza. Solo ni dari, ridhimu ndiyo nguzo. Nguzo ikiwa na njaa, dari itawaangukia. Haya, mpiga ridhimu wenu ni nani?"

Fulgensi akamtazama Yasini. Yasini akamtazama Edeltruda. Edeltruda akalitazama beseni.

"Babu," akasema taratibu, "mimi nimejifunza solo."

"Na mimi solo," akasema Fulgensi.

"Mimi pia," Yasini akasema, "ila yangu ina mwangwi."

Mzee akaweka mikono kichwani. "Dari tatu! Nyumba gani hii?"

"Babu ulituimbia solo peke yake," Edeltruda akasema.

"Kuna aliyeniuliza nyingine? Enzi zetu kijana akija bendini aliomba ridhimu, akaikalia mpaka makalio yaote sugu. Nyinyi mmeingia kupitia paani."

"Basi ipige wewe, babu, sisi tukufuate," akasema Fulgensi.

Mzee alimshika Koleta, akaweka vidole juu ya nyuzi, akabonyeza. Hazikushuka. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, na nyuzi za Koleta zilitaka mkono wa kuchimba visima. Akajaribu tena. Akaacha. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe hata yeye amechelewa kwa Koleta.

"Jamani, maji yanapoa," akasema Skolastika. "Na pilau nayo ina masikio, inasikia inavyodharauliwa."

Hapo Fulgensi akainuka. Akaingia ndani, akatoka na lile gitaa la bandarini, kikaratasi cha duka kingali kinaning'inia shingoni mwake. Hakuwa amemruhusu mtu kulipumulia. Akamwekea Mzee mapajani.

"Jaribu hili, babu. Nyuzi zake ni laini kama shavu."

Mzee akabonyeza. Nyuzi zikalala. Akacharaza mara moja, akatabasamu kwa upande wenye meno.

"Haya. Nani anafungua?"

Maana wimbo ule hufunguliwa na solo peke yake, na solo ndiyo inayoiita ridhimu iingie. Fulgensi alijua katikati. Yasini alikuwa chini anachomeka waya wa gitaa la Mzee kwenye visanduku vyake. Mkono wa Edeltruda ukaanza wenyewe. Akaupiga mwanzo ule, wote, bila kosa, kama mtu anayemwamsha mwingine kwa kumgusa bega. Mzee akafumba macho. Akaingia mahali pake.

*Koleta umechelewa, wali umepoa,*
*njoo tule hivyo hivyo, njaa haingoji.*

Wimbo ukaenda. Fulgensi alichukua gitaa jingine ukutani, lililokuwa karibu, hata bila kutazama ni lipi, akaingia katikati penye utamu. Lakini kwenye ubeti wa pili mkono wa Mzee ukaanza kufa ganzi. Ridhimu ikayumba. Edeltruda akaona vidole vikiteleza, akajua kwamba basi, huu nao hautafika mwisho.

Yasini akakanyaga.

Kisanduku cha kudaka kilikuwa kimeimeza ridhimu ya Mzee tangu ubeti wa kwanza. Sasa kikaitapika. Mkono wa Mzee ukaanguka pajani, na ridhimu ya Mzee ikaendelea. Akafumbua macho. Akautazama mkono wake. Akakunja mikono kifuani, akasikiliza.

"Huyu mpigaji anajua," akasema. "Nani huyu?"

"Ni wewe, babu!"

"Nilidhani hivyo," akasema, akaendelea kuimba.

Akaimba ubeti wa tatu, akaimba wa mwisho. Wimbo ulipofika mwishoni, haukuisha. Kisanduku hakikujua mwisho. Yasini alikanyaga hapa, kikawaka kijani. Akakanyaga pale, kikaongeza pango. Fulgensi akarudia katikati kwa kuwa hakuwa na kwingine kwa kwenda. Edeltruda, kwa mazoea, akaanza mwanzo tena. Mzee akakohoa, akaimba tena ubeti wa mwisho, akakohoa zaidi, jasho likimtoka.

Skolastika akaweka birika chini. Akaenda ukutani, akang'oa plagi.

Kimya.

"Umeisha," akasema. "Naweni."

Mzee Apolinari alivuta pumzi. "Nimeusikia," akasema. "Tangu mwanzo mpaka mwisho." Akanyoosha mikono juu ya beseni, kisha akairudisha. "Lakini mimi nusu ya wimbo nilikuwa nimekunja mikono. Mpiga ridhimu ni nani hapa?"

Basi yakazuka maneno.

Fulgensi akasema, "Babu, bila gitaa langu vidole vyako vingebonyeza nini? Mlinicheka nilipoagiza. Ningekuwa na gitaa moja la waya wa breki, leo tungekuwa tumeshakula pilau na hakuna wimbo."

Yasini akasema, "Gitaa lake lilikufikisha ubeti wa pili tu. Aliyekuvusha ni mimi. Mnaviita vichezeo, shemeji anaviita takataka. Takataka hizo zimemfanya babu ajisikie mwenyewe, kitu ambacho Bondwa Jazz nzima haikuweza."

Edeltruda akasema, "Gitaa lilikaa kimya mapajani. Kisanduku kilikaa kimya chini. Nani aliufungua mlango? Wimbo usioanza hauna ubeti wa pili."

"Wewe unadai kwa kuanza?" Fulgensi akamtania. "Ede, umeanza lini kumaliza?"

Likamchoma, maana utani huo ulikuwa wa marehemu mumewe.

Skolastika akasema, "Mimi gitaa silitaki. Ukuta wa nyumba hii umeshaniishia, picha ya harusi yangu iko nyuma ya friji. Nauliza tu. Babu alisema *mpaka mwisho*. Mwisho aliuleta nani?"

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamnyang'anya kicheko. Skolastika akamshika mikono, akaimwagia maji bila kungoja hukumu, wakala. Pilau ilikuwa imepoa. Alipomaliza, Mzee akamsimamisha Koleta pembeni ya kabati, akakataza asitundikwe.

"Akae hapo," akasema. "Jumamosi ijayo nitasema ni wa nani. Leo nimeshiba."

Edeltruda alikuwa wa mwisho kuondoka. Akamshika Koleta kidogo, akabonyeza uzi mmoja. Haukushuka. Akabonyeza kwa vidole viwili, ukashuka, ukamwachia alama nyekundu, na usiku kucha akawa anaigusa alama ile. Jumatatu aliwaaga walimu wake wawili. Kwa yule wa Kihonda akaomba jambo moja tu: afundishwe ridhimu, na asiruhusiwe kuianza upya.

Habari zikaenea mjini, na mji ukagawanyika. Wapo wasemao ni daktari, maana alitoa alichokipenda. Wapo wasemao ni injinia, maana alikuwa macho wakati wa kuyumba. Wapo wasemao ni wakili, maana alifungua. Wanawake wa Kilakala wote wanasema ni Skolastika, atake asitake. Na wapo wasemao hakuna hata mmoja: watu wenye magitaa ya kutosha bendi nne, wakahitaji mzee wa kikohozi awapigie ridhimu, hao walidekezwa na wataendelea kudekezwa. Ila hao nao wakiulizwa kama Mzee aliusikia wimbo wake au hakuusikia, hutazama pembeni.

Nanyi mnaosikiliza, Koleta angali amesimama pembeni ya kabati. Je, nani alistahili kupewa?

Wala msiseme twende tukamwulize mwenyewe. Mzee Apolinari Kunambi alifariki siku ya Ijumaa.