Mzizi wa Bi Nguchiro

Nina kisa!

— Kilete tukisikie!

Nikitie sukari?

— Kilete kilivyo!

Haya, ni kichungu. Sogeeni.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema na nyoka wakiwa wengi kuliko majani, aliishi nguchiro mmoja, jina lake Bi Mwanamvua. Nyumba yake ilikuwa kichuguu walichokihama mchwa, na humo alikaa na binti yake mmoja tu, Siwema.

Bi Mwanamvua alikuwa mganga wa sumu ya nyoka. Alijaribu mzizi huu, akajaribu ule. Mmoja ulimtapisha. Mwingine ulimtia upofu kutwa nzima. Hakukoma, hadi akaupata ule unaoishinda sumu. Ni yeye aliyeugundua, si mwingine.

Kisha akatunga wimbo, ili hata walio mbali wajue namna ya kuitumia dawa:

*Mzizi wee, mzizi,*
*ponda ulainike,*
*tone la kwanza jerahani,*
*la pili ulimini,*
*la tatu aamke.*

Na kila dawa aliyoifunga kwenye jani, aliikwaruza mikwaruzo mitatu, kwa ajili ya matone matatu. Ukiiona mikwaruzo ile, unajua: hii ni ya Bi Mwanamvua, meza bila hofu.

Siku moja akaja Korongo, anachechemea, mguu umevimba. Nyoka swila amemgonga kule mtoni.

"Hodi, mama! Nakufa!"

"Hufi. Ingia, lala, nyamaza."

Akamtibu, akapona. Korongo akabaki, akala, akanywa. Alipopata nguvu akaanza maswali.

Siku ya kwanza akauliza, "Mama, mzizi huu unauchimba wapi?"

"Si ule pale mlangoni!" Akamwonyesha.

Siku ya pili akauliza, "Mama, nifundishe ule wimbo." Akamfundisha.

Siku ya tatu akauliza, "Mama, mikwaruzo hii ni ya nini?"

"Ndiyo jina langu, mwanangu." Akamweleza.

Siwema akamvuta mama yake kando. "Mama, mgeni huyu mbona anauliza sana?"

"Mwache. Anataka kujua kuponya wenzake."

Kumbe wakati huo Sultani Tembo alikuwa ametoa amri mpya. Amri yenyewe ilikuwa nzuri, msiilaumu. Ilisema: anayebuni kitu kipya, kitu hicho ni chake, asikitengeneze mwingine bila ruhusa yake. Anayetunga wimbo, wimbo ni wake. Mwenye alama ya bidhaa, alama ni yake. Aje aseme mbele ya Sultani. Lakini mpiga mbiu alizunguka mjini tu. Kwenye vichuguu hakufika.

Korongo akaenda kwa Sultani.

"Dawa hii aliibuni nani?"

"Mimi."

"Wimbo huu aliutunga nani?"

"Mimi."

"Na alama hii?"

"Yangu, Sultani. Tazama mguu wangu, vidole vitatu mbele."

Sultani akatazama, akaridhika. Hakumuuliza mtu mwingine.

Basi mbweha, askari wa Sultani, wakaja kwa Bi Mwanamvua. Mara ya kwanza wakasema, "Acha kukwaruza majani, alama ni ya Korongo." Akaacha. Mara ya pili wakasema, "Acha kuimba, wimbo ni wa Korongo." Akanyamaza, akawa anaponda kimya. Mara ya tatu wakasema, "Acha kuchimba, mzizi ni wa Korongo." Wakamweka mmoja wao pale mlangoni, aulinde mzizi usiku na mchana.

Mbweha yule alikuwa na kovu mguuni. Nyoka alimgonga zamani, na Bi Mwanamvua ndiye aliyemtibu.

Masika yakaja, nyoka wakatoka mashimoni. Siwema alikwenda kuteka maji, akarudi anatambaa.

"Mama, nimegongwa."

Bi Mwanamvua akaruka kwenye mzizi. Mbweha akamzuia.

"Mbweha, mwanangu anakufa!"

"Pole, mama. Ruhusa ya Korongo unayo?"

"Yuko wapi huyo Korongo?"

"Ameruka, amekwenda nchi za mbali. Masika yakiisha atarudi."

"Sasa Siwema asubiri masika yaishe?"

Mbweha akainamisha kichwa. "Mama, na mimi nina watoto. Sultani atanichuna ngozi."

Akamlilia, akampigia magoti, akamng'ata. Mbweha hakuondoka. Na mzizi upo pale pale, mtoto angeweza kuugusa kwa mkono. Siwema aliunyooshea mkono, kisha mkono ukatulia.

Bi Mwanamvua akambeba mwanawe hadi barazani kwa Sultani, akamlaza chini.

"Sultani, amri yako imeniulia mtoto. Dawa ni yangu, wimbo ni wangu, alama ni yangu."

"Kwa nini hukuja kusema mapema?"

"Nilikuwa natibu."

"Una kucha tano, na alama ina mikwaruzo mitatu. Shahidi wako nani?"

Bi Mwanamvua akawatazama. Paa yupo, alimtibu. Kima yupo, alimtibu. Paa akatazama juu, Kima akatazama chini. Waliogopa Korongo akirudi atawanyima dawa.

Mwishowe Mbweha mwenye kovu akasimama, machozi yanamtoka. "Mimi ni shahidi. Mama huyu alinitibu kabla Korongo hajaijua nchi hii."

"Mbona mlangoni hukusema?" Bi Mwanamvua akamuuliza.

Sultani akasema, "Nimekosea. Korongo akirudi atanyonyolewa manyoya. Wewe, mama, nimekurudishia vyote."

"Vyote?" akasema Bi Mwanamvua. Akamnyanyua Siwema, akaondoka.

Korongo hakurudi. Yuko huko alikokwenda, anaimba, anasifiwa.

Bi Mwanamvua akaung'oa mzizi wa mlangoni, akahamia msitu mnene, na hakumfundisha tena mtu dawa yake. Paa akigongwa, anakufa. Kima akigongwa, anakufa. Ndiyo maana, wasema wasimulizi, nguchiro akigongwa na nyoka huingia kichakani peke yake, hutafuna anachokijua yeye, akatoka mzima. Ukimfuata, hukioni.

Basi, ndugu zangu, kazi ya kichwa cha mtu ni mali yake kama shamba lake. Ukiwa na chako, kitangaze mapema, usingoje mgeni akutangazie. Nawe mtoa sheria, usimsikilize wa kwanza kufika ukadhani ndiye mwenyewe. Na wewe uliyefadhiliwa, mtaje aliyekufadhili wakati kumtaja kunafaa, siyo maiti ikiwa imeshalazwa chini.

Kisa changu kimefika mwisho. Mimi nilikipata kwa bibi yangu, mzaa mama. Atakayekwenda kukisimulia, naye aseme alikipata kwa nani.

— Tutasema!

Haya, nendeni mkalale.