Sakafu ya Nyumba ya Vitabu

Hapo zamani, katika mji wa Ungwasi, alikuwako Sultani aitwaye Badru bin Hamadi, mtu aliyependa vitabu kuliko chakula, na chakula nacho alikipenda sana. Sultani huyu alituma makarani wake katika mitaa yote, wakakae na watu na kuandika kila walijualo: nyimbo za harusi na za kazi, ngano ambazo mabibi huwasimulia wajukuu, na dawa za homa na za tumbo. Watu wakafurahi mno. Karani alipoingia mtaani alitandikiwa mkeka mpya, akamiminiwa kahawa, akasomewa kila kitu mpaka mkono ukamchoka, kwani desturi ya watu wa Ungwasi ilikuwa hii, kwamba mtu akiomba wimbo hupewa pamoja na mstari mmoja wa ziada. Haikumpitikia yeyote kuuliza maandishi yale yanakwenda wapi.

Mwaka ulipotimia, mpiga mbiu akauzunguka mji akitangaza: "Sikieni, enyi watu! Kila lililoandikwa katika vitabu vya Sultani ni mali ya Sultani. Asiimbe mtu, asisimulie, wala asifundishe, ila mwenye muhuri wa Sultani. Atakayevunja amri hii atafungwa."

Shauri hilo lilikuwa la Waziri Sefudini. Yeye ndiye aliyemwambia Sultani kwamba kitu kinachoshikwa na kila mkono huchakaa, na kwamba wimbo ukiimbwa na kila mtu utachakaa kama kanzu inayofuliwa kila siku. Nami nasema Waziri yule hakupata kufua kanzu hata siku moja, na kuimba ndiko kabisa hakukujua.

Basi mji ukapooza. Bibi harusi akatolewa kwao kimya kimya, utadhani ndugu zake wamemkasirikia. Mabibi wakawa wanakatiza ngano katikati kila walipomwona askari, wajukuu wakabaki hawajui kama binti yule aliokoka au aliliwa na zimwi. Hata mganga wa mtaa wa chini, mgonjwa wa homa alipomwuliza jani la kuchemsha, alimtazama tu, akakohoa, akaingia ndani.

Katika mji huo alikaa maskini mmoja, Ngwali bin Mkadara, fundi wa kupiga sakafu. Mali yake yote ilikuwa ulimi wake na kipande chake, yaani kile kigongo kizito ambacho mafundi hukishika kwa mpini wakapigia sakafu. Mkewe, Bi Mize, ndiye aliyekuwa akianza nyimbo za kazi, mafundi wakaitikia. Watu walikuwa wakisema Ngwali ana mzaha mwingi kwa kuwa hana kitu kingine cha kuwapa watu, naye hakuwabishia.

Ikawa asubuhi moja mjukuu wao analia kwa meno yanayoota. Bi Mize akampakata, akajisahau, akamwimbia mistari miwili ya kumbembeleza. Askari alikuwa akipita dirishani.

"Mama, una muhuri?" akauliza askari.

"Muhuri wa nini, mwanangu? Wewe mwenyewe nilikubembeleza kwa wimbo huuhuu, wakati ule hujui kusimama, seuze kushika mkuki."

Askari akaona haya, lakini alikuwa ametumwa, akamchukua.

Ngwali aliporudi na kuikuta nyumba haina sauti ya mkewe, mzaha wote ulimtoka. Majirani wakamweleza yaliyompata, naye hakungoja hata kula, maana tangu amwoe Bi Mize hawakupata kuachana hata kwa siku moja. Akavaa kanzu yake moja, akaenda barazani kwa Sultani.

"Mungu akupe umri, ewe Sultani. Nimekuja kumwombea mke wangu."

"Mkeo ameniibia," akasema Sultani.

"Ameiba nini, Bwana wangu?"

"Wimbo."

"Nao umetoweka kitabuni?"

Sultani akamwashiria Waziri atazame. Waziri akafunua kitabu, akapekua, akasema, "Umo, Maulana, na mistari yake yote."

"Alhamdulillahi," akasema Ngwali. "Nilikuwa sijui kama nimeoa mwizi wa namna hii, akishaiba, kitu bado kiko kwa mwenyewe."

Watu wa barazani wakauma midomo wasicheke. Sultani akakasirika, akasema, "Una ulimi mrefu, Ngwali, sasa tuone na mikono yako. Nyumba ya vitabu vyangu imesimama, lakini sakafu yake ya juu, ndiyo paa lake, haijapigwa, na masika yamekaribia. Nakupa siku nne. Uipige iwe ngumu kama jiwe, wala lisisikike neno hata moja la nyimbo zangu. Ukiweza, mkeo atatoka. Usipoweza, utamfuata hukohuko."

Wasiojua kazi hii wataona Sultani alimpa jambo jepesi. Si jepesi. Chokaa na kokoto hutandazwa mbichi juu ya boriti, kisha watu arobaini husimama safu mbili, wakapiga kwa pamoja siku tatu nzima, kila kipande kikishuka pale pale vinaposhuka vingine. Na kinachoishika mikono arobaini pamoja si amri ya fundi wala kuhesabu. Ni wimbo.

Basi siku ya kwanza wakajaribu kimya. Wapi! Vipande vikaruka ovyo kama bisi kikaangoni. Fundi Vuai akampiga shemeji yake kidole cha mguu, wakaanza kukumbushana maudhi ya miaka kumi iliyopita. Mmoja akajaribu kuhesabu kwa sauti, akafika kumi na saba, akasahau. Hata adhuhuri sakafu ilikuwa ina vilima na mabonde, na Ngwali amekaa pembeni ameshika kichwa. Alikuwa na hofu ya kweli, akimfikiri Bi Mize peke yake katika chumba cha mawe. Kisha ghafla akainua uso, akacheka, akawaambia mafundi wazibe masikio kwa pamba na wakunje mikono, akashuka, akaenda kwa Sultani.

"Kazi imekwama, Bwana wangu," akasema. "Vipande havisikii mkono, vinasikia wimbo. Na wimbo ni mali yako, hapana aimbaye ila wewe. Basi njoo utuimbie."

"Mpe muhuri wa siku tatu, Maulana," akasema Waziri, "aimbe, amalize, aurudishe."

"Muhuri nitaupokea," akajibu Ngwali, "lakini mafundi ni arobaini, na chini ya nyumba hupita watu. Wote watausikia, wataondoka nao masikioni mwao bila ruhusa, na kuurudisha hawatajua. Mafundi wangu nimewaziba kwa pamba. Pamba ya mji mzima ndiyo sina. Ila Sultani akiimba mwenyewe, atakayesikia atakuwa amepewa na mwenye mali, na amri itakuwa haikuvunjwa."

Sultani akafikiri. Alizihofia mvua, na tena kwa siri alijidhania ana sauti nzuri. Akachukua kitabu, akapanda juu ya nyumba, mafundi wakaitoa pamba masikioni, na habari zikaenea, watu wakajaa chini hata njia ikazibika.

Sultani akafungua ukurasa, akasoma wimbo kama mtu anayesoma barua ya msiba. Vipande vikainuka nusu, vikakwama hewani.

"Sivyo, Bwana," akasema Ngwali kwa adabu.

Akajaribu kwa kuvuta maneno, mafundi wakasinzia. Akajaribu kwa haraka, wakaishiwa pumzi, na Fundi Vuai akamkosa shemeji yake kwa kidogo tu. Jasho likamtoka Sultani, akauliza, "Wimbo huu huimbwaje?"

"Tazama kitabuni, Bwana wangu, yote yameandikwa."

Sultani akafunua mbele, akafunua nyuma, akatazama hata ndani ya jalada. "Naona maneno tu. Sauti yake haikuandikwa."

"Basi sauti si mali yako," akasema Ngwali, "kwa kuwa amri imesema lililoandikwa ndilo lako. Maneno ni yako, nawe umeyafungia sandukuni. Sauti ni yetu, nawe umeifungia gerezani pamoja na Bi Mize, kwa kuwa yeye ndiye aianzaye. Wimbo mmoja umeufunga vipande viwili, Bwana wangu, na wingu lile pale linakuja."

Sultani akalitazama wingu. Akakifunga kitabu, akauliza kwa sauti ya chini, "Nami nikiitaka sauti hiyo, nimwombe nani?"

"Utuombe sisi."

"Na sharti lenu ni lipi?"

Waziri akakunja uso akingojea kusikia jambo zito. Ngwali akasema, "Hatuna sharti. Kwetu mtu akiomba wimbo hupewa, na mstari mmoja wa ziada. Makarani wako wanajua."

Hapo Sultani akakumbuka mikeka mipya na kahawa, na jinsi watu hawa walivyompa kila kitu bila kuuliza. Akaona haya, haya zilizompanda mpaka masikioni. Akasema, "Mleteni Bi Mize. Na hiyo amri, mpiga mbiu azunguke sasa hivi aifute."

Bi Mize akaletwa, akapanda, akaitazama kazi. "Baba Subira," akamwambia mumewe, "hii ni sakafu au matuta ya muhogo?" Ngwali akacheka, na machozi yanamtoka, wala hakuyaficha.

Basi Bi Mize akaanza, arobaini wakaitikia, na watu wa chini nao wakaitikia. Vipande vikashuka kwa pigo moja, nyumba ikatetemeka. Sultani hakuweza kujizuia, akavua joho, akaomba kipande, akaingia safuni. Katikati ya wimbo akapiga kelele, "Waziri! Tazama kitabu, maneno yamepungua?" Waziri akatazama, akasema yako vilevile. Wakapiga hata siku ya nne, mvua ikashuka, na ndani ya nyumba halikuingia tone.

Sultani akamwita Ngwali mbele ya watu. "Omba zawadi uitakayo."

Pale ukutani ulikuwa umeegemezwa mlango mkubwa wa mninga, umenakshiwa, una makomeo saba, nao ulikuwa haujatiwa mahali pake katika nyumba ya vitabu. Ngwali akasema, "Nipe mlango huu."

"Huu tu? Chukua."

Mafundi wakaubeba begani. Walipokwisha kuondoka, Waziri akanong'ona, "Maulana, nyumba ya vitabu sasa itafungwa na nini?" Sultani akalitazama lile tundu wazi la ukutani, akaelewa, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Wala hakuagiza mlango mwingine.

Ngwali aliulaza mlango ule juu ya mawe manne mbele ya nyumba ya vitabu, ukawa benchi. Watu wakawa wanaingia, wanachukua kitabu, wanakaa juu yake, ajuaye kusoma akiwasomea wasiojua. Siku moja Sultani alikuja akakuta pamejaa. Akasema, "Sogeeni kidogo, jamani." Wakabanana, akaketi kati ya mganga na muuza maandazi, akangoja zamu yake ya kupata kitabu.

Hekaya hii mimi nilipewa, nami nimewapa. Aliyeipenda na aende nayo kwake.