Jina Moja Juu ya Kasha la Saa

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, kuku wa kinyozi mmoja wa Korogwe walifukuzwa bandani kwao kwa sababu ya saa. Sogeeni niwaambie ilivyokuwa.

Kinyozi huyo aliitwa Kihiyo. Kunyoa kulikuwa kazi yake, kukereza kulikuwa raha yake. Alinunua lethi kuukuu kwenye vyuma chakavu, mashine ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, akaiweka bandani, na kuku wakahamia juu ya mpapai. Kila jioni alifunga saluni akakimbilia lethi yake. Wenzake wawili wakamfuata huko: Mbelwa, muuza maji ya miwa, na Sikitu, msusi. Wakakereza pete, wakakereza vifuniko, wakakereza na vitu visivyo na jina. Lethi ikalia zriii, kuku wakajibu, majirani wakalalamika, na wao watatu wakacheka.

Basi jioni moja akaja Mwalimu Namkunda, mama asiyeona, akipapasa njia kwa fimbo. Mkononi alishika saa yake. Saa hiyo haikuwa na kioo, ilikuwa na mfuniko: unaufunua, unagusa mishale kwa kidole, unajua ni saa ngapi. Lakini jasho la miaka lilikuwa limelila kasha lake, likatoboka kama jani la mchicha lililoingiliwa na viwavi.

“Injini yake ni nzima,” alisema. “Isikilizeni.”

Wakainamisha masikio. Tik, tik, tik.

“Ni nzima, ila haina nguo. Tangu niivue, kutwa nauliza watu, saa ngapi, saa ngapi. Wengine wananijibu kama wananipa sadaka. Nimechoka.”

Watatu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kukereza kitu kidogo namna ile. Kihiyo vidole vilimwasha kwa hamu.

“Tutakutengenezea, Mwalimu.”

“Kwa chuma gani?” akauliza Mbelwa.

Hapo ndipo penyewe. Chuma cha kawaida kingeliwa na jasho tena. Kilitakiwa chuma kisichoshika kutu. Wakauliza kwa mafundi, hakuna. Wakapekua vyuma chakavu, hakuna. Kilikuwa mahali pamoja tu, na Mbelwa alipajua: kwenye mashine yake ya kukamulia miwa, ule mhimili unaozungusha rola. Kesho yake akaja nao begani.

“Kata kipande,” akasema. “Kitakachobaki nitakiunga, nirudi kukamua.”

Kihiyo akakata, akakifunga kwenye lethi. Zriii! Nyuzi za chuma zikaruka zikiwa za moto. Akachimba ndani, mahali pa kulaza injini. Kidogo tu tena, akasema. Kidogo tu tena. Kidogo tu tena, na kisu kikatokea upande wa pili. Kasha likawa halina kitako.

Kihiyo akaizima lethi. Kuku wakaacha kuijibu.

Mbelwa akaliokota, akachungulia upande huu, akachungulia upande ule. “Hii ni pete ya ndoa, kaka? Unamwoa nani, mimi au mashine yangu?”

Kihiyo hakuweza kucheka. Mbelwa akachukua kile kipande kilichobaki, kile cha kuungwa, akamwekea mkononi.

“Kata tena.”

“Nikikata hiki, hukamui miwa tena.”

“Nimesema kata.”

Akakata. Safari hii Kihiyo alikereza kama anayemnyoa mtoto mchanga. Alichonga kwa kuhesabu pumzi zake. Saluni ikabaki imefungwa, wateja wakatembea na vichwa vya vichaka. Akakereza kasha, akakereza mfuniko, akaufunga kwa bawaba ndogo kama punje ya ulezi, akailaza injini ndani. Sikitu akapiga msasa, akapiga msasa, hadi likang'aa, ungeweza kujinyolea ndevu humo. Mfuniko ulipofungwa, jicho halikuona ulipoanzia.

Wakamwita Mwalimu. Wote watatu walikuwa hawatulii, mmoja anasimama, mmoja anakaa, mmoja anafuta lethi iliyokwishafutwa.

Mwalimu akalipokea, akalipima uzito, akatabasamu. Akalizungusha. Akalizungusha tena.

“Linafungukia wapi?”

“Hapo pembeni, Mwalimu.”

“Pembeni wapi, mwanangu? Hili ni duara.”

Ukucha wake ukateleza. Kila mahali ulaini, kila mahali sawa.

“Ndiyo uzuri wake,” Kihiyo akasema. “Halina mwanya.”

“Uzuri kwa nani?” Tabasamu likamtoka. “Basi nitakuwa nawaomba watu wanifungulie. Zamani niliwauliza saa, sasa nitawauliza na mlango wake.”

Sikitu akanyoosha mkono, akalichukua kasha, akachukua na tupa. Hakuomba ruhusa. Kwaru, kwaru, kwaru, kwenye ukingo wa mfuniko.

Kihiyo akaruka kama aliyekatwa sikio. “Sikitu! Umelikwangua!”

“Nimelikwangua.”

Akamrudishia Mwalimu. Kidole gumba kikazunguka, kikakutana na pengo dogo, kikasimama. Ukucha ukaingia. Tak, mfuniko ukafunguka. Kidole kikashuka juu ya mishale.

“Saa kumi na robo,” akasema Mwalimu Namkunda. Kisha akacheka, machozi yakamtoka. “Saa kumi na robo, na sikumuuliza mtu.”

Wakacheza wote wanne, kuku wakashuka mpapaini kuona kuna nini.

Walipotulia, Mwalimu akasema, “Nataka jina la aliyelitengeneza likae juu ya mfuniko, kwa nukta nundu, maandishi yetu tusioona, nilisome kwa kidole kila ninapotaka saa. Lakini nukta za kila herufi hujaza ncha ya kidole, hazipunguzwi. Hapa litakaa jina moja tu.”

“Tupige herufi ya kwanza ya kila mmoja,” Mbelwa akasema.

“K, M, S? Hiyo ni namba ya gari. Nataka mtu.”

Hapo furaha ikaingia joto.

“Mtu ni mimi,” akasema Kihiyo. “Nani alikereza? Nani aliungua vidole? Bila mkono wangu, mngekuwa na fimbo ya chuma.”

“Na bila fimbo ya chuma, mkono wako ungekereza nini, mihogo?” akasema Mbelwa. “Wewe lethi yako ipo. Mimi mashine yangu imelala. Nilitoa mara ya kwanza, ukaharibu. Nikatoa mara ya pili.”

“Mlitengeneza kitu kizuri cha kutazama,” akasema Sikitu. “Mwalimu hatazami. Mimi nasuka kichwa chake, namjua kidole chake. Kabla ya tupa yangu, lile lilikuwa jiwe linalong'aa.”

“Mikwaruzo mitatu tu, dada!” akadakia Kihiyo.

“Mitatu. Mbona ninyi hamkuipiga?”

Nukta nundu hupigwa kutoka upande wa nyuma, na pale bandani aliyezijua ni Mwalimu peke yake. Akaulaza mfuniko, akashika msumari, akainua nyundo. Nukta ikishapigwa kwenye chuma kile haifutiki.

“Niambieni jina,” akasema.

Kihiyo akamtazama Mbelwa, Mbelwa akamtazama Sikitu, Sikitu akamtazama Kihiyo. Nyundo iko juu. Saa inasema tik, tik, tik. Nanyi mlioketi hapa mmesikia yote, mimi nimemaliza langu. Je, ni nani aliyelitengeneza kasha lile? Mwalimu apige jina la nani?