Kibuyu cha Mzee Galgalo

Usizibe kisima, ziba kibuyu. Mmeisikia asubuhi, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Basi methali hii ilianza hivi, nami nilikuwapo.

Haro Dima ni kisima cha wafugaji wa ngamia. Walipojengewa mnara wa intaneti pale kisimani, unaofika mabonde yote, fundi aliuliza waweke neno gani la siri. Wazee wakamcheka. Kisima hakijawahi kumnyima mpita njia, wakasema, na mnara uko kisimani. Ukaachwa wazi.

Sasa, watu wa kule wakisalimiana huambiana yote: malisho yako wapi, mifugo inalala wapi. Wakawa wanayaandika hayo kwenye simu vilevile. Mara mbili wezi wakawafuata ngamia palepale palipoandikwa. Mzee Galgalo akabakiwa na kumi na mmoja, ambao mwanawe Guyo alikuwa akiwachunga malisho ya mbali.

Baraza likaketi. Wengi wakataka mnara ufungwe. Galgalo akakataa: msafiri aliyekwama ataitaje msaada?

Bintiye Diramu, fundi simu, akamwomba amwandikie Guyo lolote. Akaandika. Diramu akatugeuzia kompyuta yake, na maneno ya mzee yalikuwa pale, yamenaswa hewani, hata salamu. Hivyo ndivyo wezi wanavyotusoma, akasema.

Kisha akaweka programu nyingine katika simu ya baba yake. Ya Guyo alikuwa ameshaiwekea siku ya soko.

"Andika tena, baba."

Mzee akamwandikia Guyo awahamishe ngamia. Safari hii kompyuta ilionyesha herufi na tarakimu zilizovurugika, kama nyayo za kuku jivuni.

"Lugha gani hii?"

"Si lugha ya mtu. Simu yako imeyafunga maneno kabla hayajatoka. Yanapita mbele ya wote, lakini ni simu ya Guyo tu inayoyafungua."

"Na wewe uliyeiweka programu hiyo?"

"Siwezi, baba. Hata mwenye mnara hawezi."

Simu ikatikisika. Guyo alikuwa amejibu: Nimeelewa, nawahamishia ngamia ng'ambo ya mlima.

Galgalo aliishika simu ile kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Akaligeukia baraza.

"Mkishachota maji hapa, huwa mnaziba nini?"

Wazee wakatazama vibuyu vyao, kisha wakampa Diramu simu zao; mnara ukabaki wazi.

Siku ya tatu ngamia wote kumi na mmoja walishuka kunywa. Chini ya mnara aliketi mgeni, macho kwenye simu yake. Huenda alikuwa msafiri, huenda mwizi. Galgalo akampa maji.

Ndiyo hiyo, wanangu. Usizibe kisima, ziba kibuyu.