Maradhi Yasiyosemeka Mbele ya Mkwe

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana kompyuta zilikwishafika hospitalini, paliondokea mjane aitwaye Bi Namsifu. Alikuwa akitokwa na damu, na umri wa kutokwa na damu alikwishaupita. Binti yake alikuwa mbali, hivyo akapelekwa hospitali na mkwewe, Kiando. Na kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani hata usoni, sembuse kutajiana maungo!

Daktari Mbonea, macho kwenye kompyuta, akamwuliza, "Unaumwa wapi?"

Kiando amesimama mlangoni. Bi Namsifu akasema, "Kichwa, baba."

Akapewa dawa za kichwa. Damu haikukoma. Wakarudi.

"Unaumwa wapi?"

Kiando amesimama mlangoni. "Kichwa, baba."

Akaongezewa dawa za kichwa, na kichwa chenyewe kizima, maskini.

Safari ya tatu alibebwa. Zamu ilikuwa ya daktari mwingine, mwanamke, Nakijwa. Kiando akajikaza: "Daktari, mama anaficha. Nimeona damu kwenye kanga yake." Akatoka nje ameinamisha uso.

Bi Namsifu alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mwongo huyo! Ni kichwa tu."

Nakijwa akaiacha kompyuta, akaketi kitandani, akamshika mkono. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huko kwenu maharage yamekubali mwaka huu?"

Akasikiliza habari za maharage mpaka zikaisha, foleni nje ikinung'unika. Ndipo Bi Namsifu akalia, akasema yote.

Ulikuwa uvimbe kwenye kizazi. Na mpasuaji pale alikuwa mmoja tu, Mbonea. Akampasua kwa mkono usiotetemeka, akautoa, mama akapona.

Alipopata nguvu, Bi Namsifu akachinja kuku, akawaalika wote watatu. Na kwao firigisi hupewa mtu mmoja, mwenye heshima kuliko wote, wala haikatwi.

"Nilimfungua kinywa mimi," akasema Nakijwa. "Angekufa na siri yake."

"Maneno hayatoi uvimbe, dada," akasema Mbonea. "Nimeutoa mimi."

"Wewe uliyemjaza dawa za kichwa?"

"Niliambiwa kichwa. Nipige ramli?"

Kiando alikuwa barazani, amewapa mgongo. "Ninyi mlifanya kazi yenu. Mimi nimevunja mwiko. Tangu siku ile hata salamu yangu mama haiitikii."

Ilikuwa kweli, na ilimwuma Bi Namsifu kuliko kidonda cha tumboni. Akaichota firigisi kwa upawa, akasimama nayo, hajui ageukie wapi.

Haya, msinitazame mimi, mie msimulizi tu. Je, nani alistahili?