Barua ya Mchimba Visima

Palikuwa na kadhi, na si kadhi wa mchezo. Akikohoa yeye, mji mzima unatafuta shuka. Jina lake Sheikh Tamimu. Kilemba kikubwa, na kiburi chini ya kilemba kikubwa zaidi. Basi kadhi huyo akafungua chuo cha mawakili, akaweka sharti: haingii mtu ila kwa barua ya mkubwa mmoja wa mji, imesema, "Huyu namjua, nashuhudia akili yake na ulimi wake."

Mnacheka nini? Sharti ndilo hilo.

Haya, wenye majumba wakaanza kuandikiana. Wewe msifie mwanangu, nami nimsifie wako. Kijana hata salamu anaitikiwa na mama yake, barua inamwita bahari ya elimu! Makubwa haya, jamani.

Sasa, mji huohuo alikuwako Vuai, mchimba visima. Kusoma anajua, nguo hana, mdomo anao. Mama yake alikuwa na kishamba cha mihogo. Tajiri mmoja akakitamani, akaenda kushtaki barazani kwa Kadhi, na wakili wake. Mama wa watu akaenda peke yake. Kila akifungua kinywa anaambiwa, "Nyamaza bibi, wanasema wanaojua." Shamba likaenda hivihivi. Vuai alilia siku ile, mwanamume mzima, machozi hadi kidevuni. Akaapa atakuwa wakili, asinyamazishwe tena mama wa mtu mbele yake.

Siku ya kuandikishwa ikafika. Mlango ukifungwa leo, haufunguliwi tena mpaka hawa walioingia wahitimu. Baraza imejaa, wazazi na mashuka yao ya hariri, karani yuko chini na kalamu yake. Vuai akasogea mbele, matope bado yako miguuni.

"Barua yako?" Kadhi akauliza.

"Sina, Sheikh."

"Basi na nafasi huna. Mwingine!"

Vuai hakubanduka.

"Sheikh, niruhusu niulize moja, kisha niende zangu."

"Uliza uende."

"Barua ni ya nini?"

"Ya kunijulisha akili yako."

"Lakini akili yangu nimekuja nayo, hii hapa. Ya nini kuiulizia kwa jirani?"

Watu wakacheka. Kadhi akakaa vizuri kitini.

"Kila mtu hujisifu, bwana wee. Ndiyo maana tunataka asifiwe na mwingine."

"Wahenga si walisema chema chajiuza?"

"Na walisema pia mdomo mtupu haujengi nyumba!"

"Hilo walisema lini, Sheikh?"

"Nimesema mimi, sasa hivi!"

"Haya, nimelipokea. Hawa wenzangu wamesifiwaje, tupate na sisi kujifunza?"

Kadhi akaona fahari. Akamwambia karani asome. Karani akasoma ya kwanza: "Kijana huyu ndiye mwenye akili kupita wote nchini." Akasoma ya pili: "Huyu ndiye mwenye akili kupita wote nchini." Akafungua ya tatu, akaguna, akasoma: "Kupita wote nchini, ndiye huyu."

Vuai akakuna kichwa.

"Sheikh, wewe ni hakimu. Akiletwa mbuzi mmoja hapa, wakaja watu watatu, kila mmoja anaapa mbuzi ni wake peke yake, unahukumuje?"

"Wawili waongo. Nawafunga!"

"Na usipojua waongo ni wepi?"

"Nawafukuza wote watatu, na viapo vyao!"

"Ahsante, Sheikh. Karani, waambie wenye barua wachukue viatu vyao."

Lo! Baraza ikaangua kicheko. Tajiri mmoja akapaliwa na kahawa, mwingine akajifanya anatafuta tasbihi. Kadhi akatambua kwamba amezihukumu barua zake mwenyewe, uso ukamwiva.

"Hizo ni barua za wakubwa!" akanguruma. "Wewe una mkubwa gani?"

"Mkubwa wa namna gani anatosha, Sheikh?"

"Yeyote mwenye cheo! Liwali, tajiri, kadhi, yeyote! Ila awe anakujua. Na hapa mjini nani anakujua wewe?"

"Wakubwa wote nimewachimbia visima. Nimeomba barua kila nyumba. Wanajua maji tu, aliyeyatoa hawamjui."

"Basi rudi shimoni kwako!"

Hapo lilimchoma, msidhani halikumchoma. Akamkumbuka mama yake amesimama palepale, anaambiwa nyamaza.

"Naenda, Sheikh. Nikifika kwetu wataniuliza, Kadhi yukoje? Nitawaambia, ni mtu mzuri sana, ila akitaka kumjua aliyesimama mbele yake, huazima macho kwa matajiri."

Ala! Kadhi akasimama, kilemba kikaenda upande.

"Nakujua!" akapiga kelele. "Nani kasema sikujui? Nakujua ndani na nje! Umenitega kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya watu wangu! Tangu nikalie kiti hiki sijaona mtu mwenye akili ya hila na ulimi mkali kama wewe! Mawakili wote wa mji huu wakikutana nawe watafunga vitabu wakalime!"

Ilisikika kalamu ya karani tu, maana karani yule kazi yake ni kuandika kila neno la Kadhi, na neno lilikuwa refu.

Vuai akainama kwa adabu.

"Polepole, Sheikh. Karani bado yuko kwenye 'ulimi mkali'. Akimaliza, utupigie muhuri."