Mbiu ya Mfalme Baldomeri

Hapo kale Mfalme Baldomeri alipiga marufuku Injili kwa lugha ya watu. Neno la Mungu, alisema, ni la Kilatini, na wenye Kilatini ni mapadri. Haikupita wiki, askari wakamkuta Odila, mjane mtengeneza mishumaa, na Injili iliyotafsiriwa, wakamburuta hadi ikulu.

"Utachomwa pamoja nayo," mfalme alimwambia.

"Sawa, mtukufu. Ila nchi hii sheria haimshiki mtu mpaka itangazwe sokoni."

"Ilitangazwa."

"Lilitangazwa jina la kitabu. Ningejuaje kwamba makaratasi ya marehemu mume wangu ndiyo hayo? Na wenzangu watajitetea vivyo hivyo."

Mfalme alikuna ndevu. Visingizio vilimchukiza kuliko dhambi. "Basi nifanyeje?"

"Mpiga mbiu asome maneno yenyewe yaliyokatazwa, kila mtu ayajue. Lakini ukurasa utakaorukwa, mtukufu, huo utabaki halali."

"Hautarukwa hata mstari," mfalme alinguruma. "Na asiyekuja kusikiliza atachapwa viboko."

Siku arobaini mpiga mbiu alisoma kitabu cha Odila sokoni mpaka sauti ikamkauka. Watu walikuja na vigoda na chakula, na penye utamu walimwomba arudie. Alipofunga ukurasa wa mwisho, mfalme alimgeukia Odila.

"Sasa sheria imekushika."

Odila alikwisha kukitwaa kitabu mkononi mwa mpiga mbiu na kukitupa katika moto uliowashwa kumchomea, akawa anauota.

"Nimetii, mtukufu. Miaka kumi tulikuwa nacho, na mtaa mzima hakuna ajuaye kusoma. Ahsante kwa kutusomea."